Miwani Niliyoivua Langoni kwa Mjomba

Karibuni, kaeni. Mabenchi ya mbele hayaumi mtu, sogeeni. Naona pikipiki zenu mmezipanga vizuri pale nje ya ukumbi wa parokia, zimeoshwa, zinang'aa, na kofia ngumu zimetundikwa kwenye usukani. Safi sana. Lakini nilisimama mlangoni nikawaangalia mkiingia mmoja mmoja, na sikumwona hata mmoja mwenye kitu machoni. Wawili walikuwa na miwani nyeusi, nao wameivaa utosini. Utosini kuna jicho gani? Msicheke. Mimi yangu nilikuwa naitundika kifuani.

Jina langu ni Apolonia, na hapa Kibosho wengi mnaniita Mama Neema. Daktari wetu wa macho, huyu aliyekaa hapa, ameniomba niwasimulie yaliyonipata. Anasema akizungumza yeye mnasinzia. Kwangu hamtasinzia. Walio karibu waangalie jicho langu la kulia. Pembeni kidogo ya mboni kuna doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Hilo ndilo kovu. Kuna wiki ambayo daktari huyu huyu hakuweza kuniahidi kwamba jicho lenyewe litabaki. Limebaki, linaona, na limewaona nyote mlivyochelewa.

Kabla ya hapo sikuwa mtu wa kuugua. Hospitali niliijua kwa kujifungua tu. Nikiwa msichana niliajiriwa kwenye duka la vipuri la Mzee Harbans, Kalasinga mwenye gereji kule mjini Moshi. Amezaliwa hapa hapa, na Kichagga chake kinawashinda watoto wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Marehemu baba yake alimwachia gari dogo jekundu la michezo, lisilo na paa, la viti viwili tu. Watoto wake wako ng'ambo, na magoti yake yalikuwa yamegoma kukunjika kuingia mle ndani. Siku moja akanipa ufunguo.

"Gari likikaa linakufa, Apolonia," akasema. "Lipeleke harusini."

Ndivyo nilivyokuwa dereva wa maharusi. Kibosho, Uru, Shirimatunda, kote nimepeleka watu kanisani. Bibi harusi anakaa kushoto kwangu, viti vimekwisha, na bwana harusi anafuata nyuma kwenye gari jingine, anakula vumbi. Wakilalamika nawaambia: zoea mapema, baba.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi ni mrefu, mnaniona, na kioo cha mbele cha gari lile ni kifupi. Nikikaa kinanifika puani. Chini ya pua nina kinga, juu ya pua nina barabara nzima: upepo, vumbi, wadudu. Mzee Harbans alilijua hilo. Kwenye kisanduku cha gari kulikuwa na miwani yake ya zamani ya kuendeshea, ya mpira, yenye mkanda wa kufunga kisogoni. Aliniambia siku ile ile aliyonipa gari, "Hii na ufunguo ni kitu kimoja. Usivitenganishe."

Nikaijaribu mbele ya kioo. Nikamwona chura. Nikairudisha kisandukuni, nikaenda kujitafutia ya mtumba, nyeusi, yenye fremu ya dhahabu. Nilipendeza, sitadanganya mbele ya kanisa. Tazameni video za harusi za miaka ile, mtaona dereva amewafunika maharusi kadhaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu alikuwa ameshasema.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, kwa sababu hili si langu peke yangu, ni letu sote wa huku mlimani. Mtu hamwamkii mzee amefunika macho. Ndivyo tulivyolelewa. Mjomba wangu Melkiori, kaka mkubwa wa mama yangu, anakaa hapo chini, na lango la kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, linaangalia barabara hii ya kanisani. Mara ya kwanza nilipopita na miwani yangu ya dhahabu nikamwamkia, alikataa kuitikia.

"Nani huyo anayeniamkia?" akauliza, na watu wamejaa barabarani. "Mimi naona vioo viwili tu. Unanificha nini?"

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari. Tangu siku hiyo, kila nikimkaribia mzee, mkono mmoja usukani, mwingine usoni. Vua, shikamoo, vaa. Sasa mnajua siku ya harusi ilivyo. Wazee wote wametoka wamesimama malangoni kuangalia msafara, na lango na lango hapa hayapishani hatua thelathini. Vua, shikamoo, vaa. Vua, shikamoo, vaa. Ukifika lango la tatu mkono umechoka, unaitundika kifuani na kuiacha huko. Na ninyi je? Nawaona mnavyofanya na vile vioo vya kofia zenu. Mnavipandisha kwa mzee wa kwanza, havishuki tena mpaka nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, watu wameshavuna mahindi kule tambarare. Mbele yangu kulikuwa na pikapu iliyobeba matarumbeta. Pikapu ile ile siku mbili kabla ilikuwa imebeba mahindi, na mwenyewe hakuifagia. Kila ikiruka shimo, makapi yalipanda juu kama inzi. Bibi harusi wangu alikuwa binti wa hapa jirani, shela yote mapajani, anacheka kila kitu. Tukafika kwa mjomba. Amesimama na fimbo yake na kofia yake ya Jumapili. Nikavua miwani, nikaitundika hapa.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mwanangu! Mpeleke salama!"

Nikafurahi kama mtoto. Pale pale pikapu ikakanyaga mafuta kupanda kilima, likaja wingu la vumbi na makapi, na kitu kikanichapa jicho la kulia. Pa! Yesu na Maria! Niliona mwanga, halafu sikuona kitu. Machozi yakatoka, kope ikajifunga yenyewe, na nikahisi kama kuna msumari umeingia chini yake.

Mngekuwa ninyi mngesimama? Mimi sikusimama. Bibi zetu wanasema gari la bibi harusi likisimama njiani kabla ya kanisa, na ndoa itasimama. Nani anataka lawama hizo? Nikaendesha kwa jicho moja mpaka mlangoni pa kanisa, ninatabasamu, na bibi harusi anadhani nalia kwa furaha yake. "Mama, usilie na wewe, utanifanya niharibu poda," akaniambia. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Kisha nikalifikicha. Ndiyo, daktari, najua, usinitazame hivyo. Nililifikicha kwa nguvu kwa kiganja kilichotoka kushika usukani na kitambaa cha bibi harusi. Kule kwenye sherehe kila mtu akawa mganga. Mmoja akanipulizia. Mwingine akafunua kope kwa pembe ya leso. Binti mmoja anayenyonyesha akataka kunikamulia maziwa, nikakataa hilo tu, nalo kwa sababu nilikuwa na gauni jipya. Kitu kikatoka, kikapi kidogo cha hindi, chembamba kuliko ukucha. Nikasema, ah, kumbe hiki tu. Nikala ndizi na nyama, nikanywa pombe ya mbege kidogo, nikarudi nyumbani.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu. Wifi yangu Yustina, dada wa mume wangu, akaja kuniangalia. Yeye miezi michache kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na chupa ya dawa ya matone ilikuwa imebaki nyumbani kwake. Akaniletea kwa upendo wote. "Hii ni dawa ya hospitali kabisa," akasema, "mimi iliniponya kwa wiki." Nikaweka. Jamani, siku ya kwanza wekundu ukapungua. Siku ya pili nikasema wifi ana akili kuliko madaktari. Nikaweka zaidi.

Siku ya nne maumivu yakaja na nguvu mpya. Hayakuwa tena ya msumari, yalikuwa ya kuchimba, kutoka jichoni mpaka kwenye meno. Mwanga ulinichoma. Nilifunga kanga dirishani nikakaa gizani mchana kutwa. Usaha mwepesi ukaanza kutoka, na kwenye kioo cha simu nikaona ukungu mweupe juu ya jicho, katikati. Mume wangu, Severini, ni mkulima wa kahawa na hasemi sana. Alinitazama nikiisukuma chai pembeni.

"Mama Neema, leo umekataa chai," akasema. "Twende hospitali."

"Jumamosi nina harusi Uru," nikamwambia. "Litapoa."

Nilikuwa nadanganya, na yeye alijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi ilipofika nikaamka kope zimegandana. Nikazilowesha, nikazifungua, nikafumba jicho la kushoto ili nijaribu lile la kulia. Severini alikuwa amesimama mbele yangu, umbali wa mkono, na sikumwona. Niliona kivuli cheupe tu. Hapo nikaogopa kweli. Nilimshika shati nikamwambia, "Nipeleke."

Pale hospitalini mjini ndipo nilipokutana na daktari huyu. Alinilaza kidevu kwenye kile chombo chao, akanimulika mwanga wa buluu baada ya kuniwekea tone la rangi. Akamulika, akarudia kumulika. Mimi daktari anayerudia simpendi.

"Mama, una kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho," akasema. "Umeweka dawa gani?"

Nikatoa chupa ya wifi. Akaisoma, akashusha pumzi.

"Nani alikupa?"

"Wifi yangu."

"Wifi yako ni daktari?"

"Ni fundi cherehani."

Hakucheka. Akanieleza polepole. Alisema kitu cha shambani, kiwe kapi, jani au ganda la kahawa, hubeba fangasi. Kilinikwaruza, fangasi wakaingia. Dawa ya wifi ilimfaa wifi baada ya upasuaji wake, kazi yake ni kutuliza uvimbe. Kwangu ilituliza askari wa mwili waliokuwa wanapigana, wekundu ukapungua, nikadhani ninapona, na huku fangasi wanakula.

"Mama, umeweka mbolea kwenye magugu," akasema.

Nikamuuliza, "Nitaona?"

"Nitakujibu baada ya wiki mbili. Kazi ya kwanza ni jicho lisitoboke. Ya pili ni kuona. Na usukani usiuguse."

Usukani usiuguse. Sasa niwaambie kwa nini neno hilo liliniuma kuliko jicho. Neema, binti yangu wa kwanza, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Shirimatunda. Tangu ana miaka minane alikuwa ananiambia, "Mama, wewe unawapeleka mabinti wa watu. Na mimi utanipeleka?" Nikamwahidi. Tena nilimwapia. Na wakati ule mchumba alikuwa ameshakuja nyumbani, wazee wameshakaa, tarehe imeshatajwa kanisani. Ilikuwa imebaki miezi minne. Nilimzaa, nikamlea, nikajifunza kila shimo la barabara hii, na sasa ningekaa nyuma kwenye gari la mtu mwingine nimefungwa bandeji.

Wakanikwangua kidonda. Waliweka ganzi, lakini unaona kile kisu kidogo kinakujia, na jicho haliwezi kuangalia pembeni. Nikasali kwa Kichagga, maana kwa Kiswahili maneno yaliniisha. Nikalazwa siku kadhaa, halafu nikahamia kwa Neema pale Shirimatunda ili niwe karibu na kliniki. Dawa ilikuwa ya matone, kila saa moja, saa zote ishirini na nne. Dawa yenyewe inauma, tena inaacha unga mweupe kwenye kope.

Severini akamwachia jirani ng'ombe na kihamba, akahamia nami. Mikono yake mmeiona, imezoea jembe na mikahawa. Tone la kwanza aliliweka puani. La pili sikioni. "Severini, unanitia dawa au unanibatiza?" nikamuuliza. Lakini alijifunza. Aliiwekea simu kengele, na kengele ikilia anakuja, ananawa kwa sabuni, anashusha kope ya chini kwa kidole kimoja, taratibu, tone moja linaingia mahali pake. Mume ambaye miaka ishirini na tano sikumbuki kama alishawahi kunishika uso mchana. Nampenda sana mtu huyu, na nalisema hapa hadharani ili asikie, kwa sababu nyumbani ataondoka kabla sijamaliza.

Kulikuwa na siku mbaya. Siku ya kumi daktari aliniambia kidonda hakijarudi nyuma, na kwamba tujiandae kwa lolote. Nikarudi nikajilaza nimegeukia ukuta. Neema akakaa kitandani.

"Mama, tuahirishe harusi," akasema. "Au nipande gari la baba mdogo. Gari ni gari tu."

Nikamfokea. Nilisema maneno makali ambayo sitayarudia, ati anataka kunizika mzima. Akatoka analia. Nikabaki pale nikijiona mjinga, mwanamke mzima aliyeuza jicho lake kwa fremu ya dhahabu. Nilimwita akarudi, nikamwomba radhi. Nikamwambia, "Usiahirishe. Nikiona, nitakupeleka. Nisipoona, nitakaa kushoto na wewe utaendesha." Tukacheka na kulia pamoja mpaka Severini akaja na chupa yake, akatukuta tumelowa wote, akauliza, "Sasa hapa namwekea nani?"

Mzee Harbans naye alikuja kunitembelea, na magoti yake yale. Nilikuwa nangoja aseme "nilikuambia." Hakusema. Alikaa, akanywa chai, akasema tu, "Betri ya gari nimeitoa nikaiweka ndani isife. Litakungoja." Hilo lilinipa nguvu kuliko sala za watu wengi.

Na basi likaanza kugeuka. Siku ya kumi na nne daktari alimulika, na safari hii nilimwona anatabasamu. Kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kujifunga. Wiki ya tatu maumivu yakaondoka, nikalala usingizi wa kweli. Wiki ya tano niliona vidole vya Severini, nikavihesabu kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja. Mwezi wa tatu nikasimama mbele ya ule ubao wa herufi. Jicho la kushoto lilisoma wote. La kulia lilisoma mstari wa tatu, likajikongoja kwenye wa nne.

"Unaweza kuendesha, mchana," daktari akasema. "Lakini bila kinga, mama, nitakuja mwenyewe kukuvuta masikio barabarani."

Kwa hiyo nikaanza kutafuta miwani, na hapa tegeni masikio. Nilidhani miwani ni miwani. Kumbe kuchagua ni kazi.

Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa nyeusi, imara, imenizunguka vizuri. Lakini barabara zetu zinaingia kwenye kivuli cha migomba na kutoka juani kila baada ya hatua chache. Ukiingia kivulini na miwani nyeusi huoni kuku, huoni mtoto, huoni shimo. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa na vioo vyeupe, vikubwa, ya kisasa, ila chini mashavuni kidole kilipita. Kidole kikipita, kapi litapita. Ya tatu ilikuwa imeziba kila mahali, haina hata tundu, nikavaa dakika tano ikajaa mvuke, nikawa kama naangalia ndani ya sufuria ya ndizi. Nikasema basi, nimekubali, nirudi kwa chura. Nikaitoa ile ya Mzee Harbans kisandukuni. Mzee mwenyewe akaigonga kwa kucha, akatikisa kichwa. Vioo vyake vilikuwa vya kioo hasa, vya kuvunjika, na mpira umekauka. "Hii jiwe likiipiga," akasema, "vipande vinaingia wapi? Mimi nilikuwa na bahati tu miaka yote."

Tukapata ya nne. Vioo vya plastiki ngumu, vyeupe kabisa kama maji, vimekunjwa mpaka pembeni. Sponji laini inakaa usoni pande zote. Vitundu vidogo juu na chini vya kutoa mvuke. Mkanda wa kuvuta nyuma, ili usiishike kwa mkono. Tukaijaribu pale Shirimatunda kwenye barabara tambarare, Severini kiti cha kushoto, mara yake ya kwanza kupanda gari lile, ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Machozi?" ananiuliza.

"Hakuna."

"Ongeza."

Nikaongeza. Nikageuza kichwa kushoto, nikageuza kulia, nikainama, nikainuka. Makavu. Vumbi la lori likatupita, Severini akapiga chafya tatu, mimi macho yangu yakawa makavu. Niliporudi nikajitazama kwenye kioo.

"Severini, si ni chura yule yule?"

"Chura anaona," akasema. "Ulipokuwa mrembo hukuiona pikapu."

Siku ya harusi ya Neema ikafika. Nilimfunga shela kwa nyuma, nikamvalisha na yeye miwani ya kwake, juu ya poda yote ile. Mpiga picha akaja mbio, akasema, "Mama mzazi, tunaomba uvue kidogo tu, iwe kumbukumbu." Nikamwambia kumbukumbu ninayo jichoni, apige hivyo hivyo. Tukaondoka. Matarumbeta mbele, kwenye pikapu iliyofagiwa, niliifagia mwenyewe.

Lakini nilikuwa naliogopa lango moja tu. Mpiga picha ni mtoto, nitamkatalia. Mjomba Melkiori je? Aniaibishe mbele ya wakwe, siku ya mwanangu? Neema aliniona nikishika usukani kwa nguvu. "Mama," akasema taratibu, "mikono hapo hapo."

Nikamwona kwa mbali, kofia ya Jumapili, fimbo. Nikapunguza mwendo. Mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe, kwa mazoea, ukafika hapa shingoni. Nikaurudisha.

"Shikamoo, mjomba!"

Akainua fimbo. Na gari la bibi harusi halisimami, mnajua, basi nikalitembeza polepole kama mtoto anayejifunza hatua, na mzee akaanza kutembea sambamba nasi, ameshika mlango wa gari. Akainama. Akanichungulia usoni, kupitia kile kioo cheupe, jicho la kushoto, kisha la kulia. Akaliona doa.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo, mjomba."

"Linaniona?"

"Linakuona. Kofia umeivaa upande."

Akaiweka sawa. "Nilikuvua mimi," akasema. "Siku ile, ni mimi niliyekuvua." Nikamwambia hapana, mjomba, lakini hakunisikiliza. Aliachia mlango, akasimama wima. "Marahaba, mwanangu. Usiivue."

Halafu akapaza sauti kwa Kichagga kwa wazee wa malango ya juu, sauti ambayo sikujua bado anayo, akawaambia dereva anakuja, mwacheni na miwani yake, macho yake yanaonekana. Na kweli, lango kwa lango, nikiamkia wananijibu na kuongeza wenyewe: usiivue, usiivue. Mpaka kanisani. Nililia njia nzima, ndani ya miwani, na hayo hayakuwa machozi ya upepo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari na wauguzi wake, Severini na vidole vyake, Neema, Mzee Harbans. Hata wifi Yustina namshukuru, alinipenda, ila sasa chupa zake zikibaki anazitupa. Ninyi kitu kikiwaingia jichoni, msifikiche. Liosheni kwa maji safi mengi, na likibaki linauma au mwanga unawachoma, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mtamsimamisha bibi harusi. Dawa ya mtu mwingine ni ya mtu mwingine.

Sasa njooni hapa mbele. Boksi hili limeletwa na Mzee Harbans, yule pale nyuma anayejifanya hasikii. Miwani humu ni nyeupe zote, zina sponji, zina mkanda. Mwambieni aika, asante yetu ya Kichagga. Kila mmoja avae hapa hapa niione, avute mkanda, atikise kichwa. Vizuri. Mmekuwa vyura wazuri.

Mkitoka mtateremkia njia ya mjomba Melkiori. Amesimama langoni tangu asubuhi, anawangoja, kofia yake ya Jumapili. Mwamkieni kwa sauti, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Na msiivue.